Mzabibu katika Nchi ya Baridi

Watoto, katika Misa mnamwona padri akitia divai katika kalisi. Divai hiyo inatoka katika zabibu, matunda ya mzabibu. Mzabibu ni mti wa kupenda jua. Walakini huko Ujerumani, kando ya mto Mosel, watu wanaulima tangu zamani za Waroma, na nchi ile ina baridi. Wanafanyaje?

Kwanza wanachagua mahali. Usiku hewa ya baridi inashuka kama maji, inatuama bondeni. Kwa hiyo shamba zuri liko mlimani, upande wa kusini, maana kule Ulaya jua linapita upande huo. Mawe ya mlima yana rangi ya giza. Mchana yanashika joto; usiku yanalirudisha polepole, kama mafiga moto ukiisha kuzimika.

Penye mteremko mkali kazi ni ya mikono. Kila mzabibu unafungwa kwenye mti wake. Mvua ikishusha udongo, mlimaji anaupandisha tena. Wakati wa baridi kali, mzabibu umelala bila majani, naye anakata matawi mengi, anaacha machache tu. Jua la kule ni haba; haliwezi kuivisha matunda ya matawi yote.

Mwezi wa Aprili machipukizi yanatoka. Hapo mlimaji hana raha. Usiku mmoja wa baridi unaweza kuharibu kazi ya mwaka. Wazee wanasema hofu haiishi mpaka zipite sikukuu za Watakatifu Pankrasi, Servasi na Bonifasi, tarehe 12, 13 na 14 Mei.

Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, baridi ilishuka hivyo. Asubuhi machipukizi mengi yalikuwa yamenyauka, meusi kama yaliyopitiwa na moto. Je, mlimaji ang'oe mizabibu? Hapana. Mzabibu una macho mengine yaliyolala. Hayo yanachipuka baadaye, yanazaa kidogo. Mlimaji anayatunza kidogo hicho kisipotee, mpaka siku ya mavuno.

Mvumilivu hula mbivu. Si kila mwaka anakula nyingi. Lakini aliyeng'oa mti wake hali hata moja.

Maulizo
1. Kwa nini shamba la mizabibu halifai bondeni?
2. Mawe ya mlima yana kazi gani usiku?
3. Kwa nini mlimaji anakata matawi mengi?
4. Wewe ungefanya nini asubuhi ile?