Ndizi za Nazi: Bakuli Lisilorudi Tupu



Alasiri ya mwezi wa Ramadhani, mtu akiingia Mji wa Kale wa Mombasa kutokea Ngomeni na kuishika Ndia Kuu, hupokewa kwanza na moshi wa karai za bajia na sambusa. Akizidi kwenda ndani, kuelekea Kibokoni, vichochoro vikiwa vyembamba na kelele za magari zikipungua, hukutana na harufu iliyo pole zaidi: tui la nazi, iliki na ndizi zilizoiva. Harufu hiyo hutoka madirishani, nayo ina umri mkubwa kuliko nyumba zenyewe.

Mwaka 1331 alipita katika pwani hii msafiri wa Kiislamu kutoka Tanja, Ibn Battuta. Huko Mogadishu alikirimiwa wali wa samli na vitoweo vyake, na pamoja navyo akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Alipofika Mombasa aliandika kwamba ni kisiwa chenye migomba na milimau, kwamba nafaka yake huletwa kutoka nje ya kisiwa, na kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Akawasifu kwa uchaji wao, na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi.

Ndizi alizokula msafiri yule hazikuwa hizi zetu za futari. Zile zilikuwa mbichi, tena za maziwa. Hizi ni mbivu, za tui. Lakini ushahidi wake watosha kutuonyesha kwamba karibu miaka 700 iliyopita, mgeni wa pwani hii alikuwa akiwekewa ndizi zilizopikwa kwa kitu cheupe chenye mafuta, na kwamba kisiwa cha Mombasa kilikuwa tayari kikiishi kwa mgomba.

Vilivyobaki vilikuja kwa bahari. Mgomba wenyewe asili yake ni Asia, na mnazi nao ulivuka maji kutoka huko katika zama za kale. Iliki ililetwa na majahazi ya kaskazi kutoka pwani ya Malabar nchini Uhindi. Ama utamu, tuna habari yake ya mwaka 1498: merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, mtawala wa mji aliwapelekea Wareno kondoo, machungwa, ndimu na miwa mingi. Baadaye, katika karne ya 19, bonde la mto Pangani lilipata jina kwa mashamba yake ya miwa. Hivyo sufuria moja ya ndizi za nazi imebeba ndani yake safari za pande nyingi.

Mji huu umepita katika mengi. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ikazingirwa na majeshi ya Oman kuanzia 1696 hadi ilipotekwa mwaka 1698. Na hata baada ya hapo mabwana wake walibadilika mara kadhaa. Wanahistoria wameyaandika majina ya magavana na maliwali. Majina ya wanawake waliokuna nazi katika miaka hiyo yote hayakuandikwa na mtu. Basi chakula hiki kimetufikiaje?

Jibu nililipata kwa njia ya huzuni. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizipika ndizi hizi kila Ijumaa ya Ramadhani, nami sikumwuliza kipimo hata siku moja. Nilidhani wakati upo. Ramadhani ya kwanza baada ya kufariki kwake nilijaribu peke yangu. Tui likakatika, ndizi zikavurugika zikawa kama uji, na siku ile tulifuturu kwa tende na maji huku nikizuia machozi.

Ijumaa iliyofuata jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi mtu mzima, alipiga hodi. Mkononi ameshika bakuli letu wenyewe la maua ya buluu, lililobaki kwake tangu mara ya mwisho bibi alipompelekea futari. Kwa desturi yetu chombo hakirudi kitupu. Alikuwa amelijaza ndizi za nazi. Nilipoonja, nilinyamaza. Ulikuwa ni mkono wa bibi.

Akaniambia: "Mwanangu, miaka thelathini nimekula za bibi yako. Ulimi wangu wamjua. Leta mbuzi tukune."

Akanifundisha. Ndizi ziwe mkono wa tembo, ziachwe hadi ganda liingie weusi. Zimenywe, zipasuliwe kwa urefu, na ule uzi wa kati utolewe. Zipikwe kwanza kwa tui jepesi, sukari na iliki iliyotwangwa, mpaka zilainike. Ndipo hutiwa tui zito, na moto hupunguzwa sana, kwani tui zito likichemka kwa nguvu hukatika. Mwiko usiingie tena. Sufuria hushikwa kwa masikio na kutikiswa kidogo kidogo. Kosa langu lilikuwa ni haraka: moto mkali na mwiko usiotulia.

Siku ile nilifahamu kwamba mapishi ya bibi hayakuhifadhiwa nyumbani kwetu tuliodhani ni yetu. Yalihifadhiwa kwa jirani, kwa sababu bibi hakuwahi kula peke yake.

Siku hizi wengi wetu tumehamia katika majumba ya ghorofa, milango imefungwa, na aliye mlango wa pili hatumjui jina. Nazi ingali inauzwa Marikiti, ndizi zipo, iliki ipo. Kinachopungua ni lile bakuli linalovuka kizingiti wakati jua linazama. Nasi tunajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji ili awakumbuke jirani zake.

Basi, mama na dada zangu, Ijumaa hii ongezeni ndizi mbili katika sufuria. Chagueni bakuli zuri, lifunikeni kwa kawa, na mmpe mtoto alipeleke mlango wa pili. Na wale ambao mabibi zao wangali hai, kaeni nao jikoni leo, mwaulize.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, na awarehemu waliotulisha. Amin.