Farasi wa Bahari Aliye Kichwani Mwangu

Wengi wenu mmepata kuniona nikisimama darasani kama mtu aliyeduwaa, nikitafuna na hali sina kitu kinywani, nikivutavuta vifungo vya shati. Wengine mlicheka, na wengine mlisema nina jini. Sina chuki na mtu, maana hata mimi sikujua habari zangu mpaka likizo ya mwaka jana.

Siku ya kwanza ilikuwa katika somo la jiografia, Kidato cha Tatu. Mwalimu aliniuliza swali, nami jibu nilikuwa nalo. Mara nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni. Nikanusa harufu ya mpira unaoungua, wala hapakuwa na moto. Kisha nikawa na hakika kabisa kwamba swali lile lile, na nzi yule yule juu ya ramani, nimepata kuviona zamani. Baada ya hapo sijui. Nilipozindukana darasa zima lilikuwa kimya, na mwalimu amekasirika, akidhani namfanyia mzaha. Nikapewa adhabu ya kufyeka majani. Nilifyeka, lakini kosa langu silikumbuki hata leo. (Mwalimu huyo alikwisha niomba radhi mbele ya wenzangu, jambo ambalo sikulitazamia.)

Likizo ilipofika mama akanipeleka hospitali. Daktari hakuanza na mimi, alianza na mama: je, mtoto huyu alipata kushikwa na degedege alipokuwa mdogo? Mama akajibu kwamba ndiyo, nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, nina homa ya malaria, na degedege lilidumu muda mrefu hata bibi akaanza kulia msiba. Nikabandikwa nyaya kichwani kupimwa umeme wa ubongo, na baadaye nikaingizwa katika mashine ya sumaku inayopiga picha.

Basi nikaambiwa hivi. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande mna kitu kidogo kisichozidi kidole cha mwisho, kilichojipinda mfano wa farasi wa bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Kwa hiyo wataalamu wakakiita hipokampasi. Changu cha kushoto kimesinyaa na kina kovu, na yamkini chanzo chake ni degedege lile. Seli za ubongo husemezana kwa umeme kidogo kidogo. Penye kovu umeme huo hufumka wote kwa pamoja, na hicho ndicho kifafa. Si kila kifafa huanzia hapo, wala si kila mtu huanguka. Jirani za hipokampasi ni sehemu zinazohusika na harufu na woga, ndiyo maana mimi hunusa mpira.

Lakini lililoninyima usingizi ni kazi yenyewe ya hipokampasi, nayo ni kuweka kumbukumbu mpya. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akiteswa na kifafa, akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza kushika jambo jipya. Mtaalamu Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na kila alipoingia Henry alimpokea kama mgeni. Ya utotoni aliyakumbuka. Tena ajabu, alipofundishwa kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hata siku, naye akiapa kwamba hajapata kuchora kitu hicho. Alifariki mwaka 2008, ana miaka 82. Kwa ajili yake ulimwengu ulijua kazi ya mahali hapo, na waganga wa leo, wakilazimika kupasua, huondoa upande mmoja tu baada ya vipimo vingi.

Mimi sikupasuliwa, nameza vidonge asubuhi na jioni. Muhula uliopita niliviacha siku tatu kwa kuona haya mbele ya wenzangu pale kwa matroni, na siku ya nne nikaanguka bwaloni. Mmoja alitaka kunitia kijiko kinywani, jambo ambalo lingeweza kunivunja meno. Wengine walikimbia povu, kana kwamba kifafa huambukiza. Rafiki yangu wa kitanda cha juu ndiye aliyenilaza ubavu, akanitilia sweta chini ya kichwa, akakaa nami mpaka nilipojua nilipo.

Huyo rafiki ana daftari. Kila ninapopotewa huandika siku, saa, na dakika nilizokaa, maana mimi mwenyewe siwezi kusema. Huandika pia somo lililokuwa likifundishwa, na usiku hunisomea yale yaliyonipita, mara mbili au tatu, mpaka yaingie. Muhula uliopita alijaza kurasa nne. Muhula huu kuna mistari miwili tu, na mtihani ni mwezi wa Novemba.