Chakula cha Mjini na Fedha ya Mkulima

Msafiri atokaye mashambani akishuka garini karibu na River Road, mjini Nairobi, husikia harufu ya vitunguu vikikaangwa hata kabla hajatua mzigo wake. Mtaa ule umejaa hoteli, maana kwetu Kenya hata chumba chenye meza nne na sufuria ya chai huitwa hoteli, wala si lazima pawe na kitanda. Ukivuka Moi Avenue, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, utakuta hoteli za namna nyingine, zenye vitambaa vyeupe mezani na maji ya kuuzwa kwa chupa. Mgeni husimama katikati akipapasa mfuko wake, asijue aende upande gani.

Mwaka 2024 nilimpokea baba yangu mkubwa, mzee wa miaka 76 alimaye kahawa huko Kirinyaga. Alikuja kuchukua miwani mpya. Mimi ni karani hapa mjini, na kwa kuwa nilitaka kumpa heshima, nilimwuliza angependa kula wapi. Nilidhani atataja nyama. Akanijibu, “Mwanangu, nataka kuketi penye kitambaa mezani. Babu yako alibeba sahani mahali pa namna hiyo miaka mingi, wala hakuketi hata siku moja.”

Habari hiyo wazee wanaifahamu. Katika siku za ukoloni hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, amevaa kanzu nyeupe, akatoka kwa mlango ule ule. Ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka michache tu iliyotangulia uhuru wa 1963. Basi sikuwa na neno la kumpinga mzee.

Hoteli tuliyokwenda jioni ile sitaitaja jina. Viti vilikuwa vizuri, na mtumishi wa meza alikuwa na adabu nyingi. Mimi niliagiza samaki wa shilingi 1,600, na mzee kuku wa shilingi 1,400, kisha chupa ya maji kwa 250 na birika la chai kwa 350. Kuku alikuja katika sahani pana kama ungo, lakini yeye mwenyewe alikuwa paja moja, pamoja na viazi vinne na jani la kijani ambalo mzee aliliweka kando, akidhani ni la kupamba tu. Samaki wangu alikuwa mtamu, sikatai. Tulipomaliza, mzee alitazama mlango wa jikoni kana kwamba sahani nyingine ilikuwa njiani.

Kisha akavaa miwani yake mpya na kuichukua karatasi ya vyakula. Akasoma polepole mpaka chini kabisa, penye herufi ndogo kama sisimizi. “Hapa pameandikwa kwamba bei hizi bado kuongezwa kodi na malipo ya utumishi. Je, ulipaona?” Sikupaona. Mimi nisomaye barua za ofisi kila siku sikuisoma karatasi ile mpaka mwisho.

Hesabu ilipoletwa, shilingi 3,600 zilikuwa zimekwisha kuwa 4,608. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ilikuwa 576. Ushuru wa utalii, asilimia 2, ulikuwa 72. Na malipo ya utumishi, asilimia 10, yalikuwa 360. Jumla yake ni shilingi 1,008 ambazo hazikuwa na mchuzi wala mfupa. Hoteli nyingine huzijumlisha hizo tangu mwanzo katika bei iliyoandikwa, na hapo mtu hujua la kufanya. Nyingine huziacha mpaka mwisho. Swali la kuuliza kabla ya kuagiza ni moja tu: je, bei hii ina kodi ndani yake?

Mzee alifanya hesabu yake mwenyewe. Mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku uliuzwa shilingi 2,500, kwa hiyo tulikuwa tumekula karibu mifuko miwili. Nikaona haya. Lakini yeye alikuwa akimtazama mtumishi. Akamwuliza kama zile 360 zinamfikia. Kijana yule alicheka kidogo, akatazama upande wa msimamizi wake, asijibu. Mzee akatoa noti ya shilingi 200 kutoka mfuko wake mwenyewe akamtia mkononi.

Siku ya pili, saa saba ya mchana, nilimpeleka soko la Burma, karibu na Shauri Moyo. Huko mtu hapewi karatasi ya vyakula. Nyama yenyewe imetundikwa, nawe waonyesha kwa kidole kipande ukitakacho. Hupimwa ikiwa mbichi pamoja na mifupa yake, na moto huipunguza uzito kwa kuitoa maji na mafuta. Kwa hiyo asishangae mtu akiona kilo yake imerudi ndogo. Mzee alisimama karibu na mizani mpaka mshale ukatulia. Kilo moja ya mbuzi ilitugharimu shilingi 1,000, ugali 100 na soda mbili 120. Kachumbari hatukulipia. Nyama ilikatwa mbele yetu juu ya ubao, chumvi ikawekwa pembeni, tukashiba hata mzee akafungua kifungo cha koti.

Wala nisidhaniwe nasema kwamba rahisi ndiyo bora. Mwaka mmoja nilinunua sambusa za bei ndogo zilizokaa ndani ya kioo tangu asubuhi, nikalala siku mbili bila kufika kazini. Tangu hapo hutazama kwanza wingi wa walaji: penye watu wengi saa saba, sufuria haipati nafasi ya kupoa. Afikaye saa kumi hupewa masalio kwa bei ile ile.

Tulipokuwa tukirudi kutoka Burma nilimwomba mzee radhi kwa fedha ya jana. Akanikatiza. “Nyama ya leo imenishibisha. Lakini jana nilikaa kitini, mwenye kanzu nyeupe akaniuliza nitakula nini. Hilo usinihesabie pamoja na kuku.” Sikuwa na hesabu ya kumjibu.

Asubuhi ya tatu tulikwenda Tea Room kutafuta gari la Kirinyaga. Tuliingia katika hoteli ndogo ambapo keshia huketi nyuma ya wavu, nawe hulipa kwanza ndipo ule. Bei zilikuwa zimepakwa rangi ukutani. Mzee akatoa miwani, akaifuta kwa leso, akasoma ukuta wote toka juu hata chini, ndipo akaagiza chai na chapati mbili.