Zulia la vipande kwa nyumba iliyo juu ya lava

Wiki hii tulipita Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi. Huko unasikia vyerehani kabla ya kuviona, na chini ya meza za mafundi kuna vipande vya vitenge vinavyongoja kufagiliwa. Tuliviomba tukapewa.

Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Juu ya jiwe hilo jeusi tumejenga nyumba za mbao. Usiku jiwe ni baridi, na mchana linachuna magoti ya watoto wanaotambaa.

Kata vipande kwa upana wa vidole viwili, viunge viwe virefu, kisha suka mistari mitatu kama nywele. Anza katikati, zungusha msuko na kuushona kwa sindano ya magunia. Usivute uzi sana, zulia litajikunja kama kikapu. Likichafuka, lifue ulianike juani.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka tena, tuliamriwa kuhama mitaa 10 ya Goma. Wengi walishika njia ya Sake, na vitanda vikabaki nyumbani. Zulia hukunjwa, hufungwa kamba, hubebwa kichwani. Popote tutakapofika, mtoto ana pa kulala.

Tuombe vipande kwa mafundi wetu, tuanze kusuka.