Mkutano wa Ugiriki

Mwenzenu nina jambo limenikaa rohoni, nikaona ni heri niliseme humu kuliko kuendelea kulala nalo.

Mambo yalianza Oktoba iliyopita, jikoni kwetu hapa Leeds. Nyumba yetu ina watu wanne na jiko moja. Nje mvua ile ya hapa, isiyonyesha ikaisha. Tulikuwa tunakula wali na maharage, mara Mkenya wetu wa Mombasa, anayesomea uhasibu, akaweka kijiko chini akasema, "Jamani, mimi nimechoka kuona bahari kwenye kalenda." Hakuna aliyemcheka. Dada yetu wa Kampala, mtu wa afya ya jamii, akajibu kwamba yeye hata hiyo ya kwenye kalenda hana.

Mimi niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika uhandisi. Utafiti wangu ni wa kutu inayokula nondo ndani ya zege la magati na madaraja ya pwani. Yaani mtoto wa Tanga nimekuja mpaka Uingereza kusomea maji ya chumvi! Lakini bahari yenyewe kwa miaka mitatu naiona ndani ya beseni la maabara: gramu 35 za chumvi kwa kila lita ya maji, nakoroga mwenyewe. Ndiyo Raskazone yangu hiyo.

Basi usiku uleule tukakata shauri. Wiki moja, kisiwa cha Ugiriki, mchana kuogelea, usiku kujirusha. Siyo kutembelea makumbusho, siyo semina. Kujirusha.

Injinia akipewa kazi hutengeneza jedwali, nami nikatengeneza. Safu ya kwanza visiwa, ya pili nauli, ya tatu malazi, ya nne muziki. Mykonos ilitoka mapema. Sifa zake zinajulikana duniani kote, na bei zake pia. Zakynthos ina ndege za moja kwa moja kutoka Uingereza, na Laganas ni mji wa disko kwelikweli, ila ghuba yake ni hifadhi ya bahari ambako kasa hutaga mayai mchangani. Mkenya wetu akasema, "Kasa ninao Watamu, siwezi kulipa nauli kuja kuwaona wengine." Malia, katika kisiwa cha Krete, ilipata alama nzuri. Mwishowe ikashinda Ios.

Ios ni kisiwa kidogo, katika kundi la Visiwa vya Cyclades, chenye wakazi elfu mbili na ushee. Hakina uwanja wa ndege. Unashuka Athens, unakwenda bandari ya Piraeus, unapanda meli. Au unashuka Santorini halafu unavuka kwa meli kwa muda mfupi tu. Ukifika kuna vitu vitatu unavyovihitaji: bandari chini, mji wa Chora juu kilimani wenye vichochoro vyeupe na baa zilizobanana, na ng'ambo ya kilima ufuko wa Mylopotas, mchanga mrefu, vijana watupu. Basi la abiria huunganisha vyote vitatu. Watu hawatoki mapema. Chora huanza kuchangamka saa sita usiku. Wenyeji husimulia kwamba mshairi Homer, yule wa zamani, amezikwa hukohuko. Bila shaka kelele ameshazizoea.

Tarehe tukachagua wiki ya kwanza ya Septemba. Sababu ni mbili. Kwanza, Julai na Agosti bei ziko juu na kisiwa kimejaa. Pili, miezi hiyo huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao ukikasirika meli hazitoki bandarini. Septemba mara nyingi huwa umepungua, na bahari bado ina joto la kiangazi. Hata hivyo nimepanga usiku wa mwisho tulale Athens, siyo Ios, ili meli ikichelewa tusikose ndege.

Fedha tulizikusanya kwa mtindo wa upatu, ila badala ya kupokezana tutakula wote siku moja. Kila mtu pauni 75 kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Julai, jumla pauni 750. Ndege 160, meli 100, chumba 210, viza na bima 110, chakula na disko 170. Mtunza hazina ni dada wa Kampala, maana sisi wanaume watatu hatukuaminiana. Mimi zangu zinatoka kwenye saa chache za kubeba maboksi ghalani kila Jumamosi.

Hapa ndipo roho ilipoanza kuniuma. Pauni 750 ukizigeuza shilingi za kwetu ni zaidi ya milioni mbili. Paa la nyumba yetu Tanga linavuja upande wa sebuleni tangu masika ya mwaka juzi. Mdogo wangu yuko chuo. Kila Jumamosi nikinyanyua boksi nilikuwa nafanya hesabu: hili bati, hili bati, hili kofia ya paa. Ada ya mdogo wangu nilikuwa nimeshaituma, na fedha ya nyumbani ya kila mwezi haikukosa hata mara moja. Lakini si mnajua wenyewe jinsi ilivyo. Mtu wa majuu akinunua viatu, kuna mtu nyumbani kavaa kandambili.

Halafu ikaja viza. Wengi mnajua, lakini kwa wageni wetu wa mwaka huu nitasema: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ugiriki. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen hata kabla haijajitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Kwa hiyo sisi wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda tunaomba kama kawaida. Mwenzetu wa nne alizaliwa Bukavu akakulia Ubelgiji. Yeye ana pasi ya Ubelgiji. Sisi tunapanga mafaili, yeye anapanga nguo za kuogelea.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaomba mapema kadiri ya miezi 6 kabla ya safari na usichelewe chini ya siku 15. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Taarifa za benki, barua ya chuo, uthibitisho wa malazi na ratiba ya safari. Chukueni chumba ambacho kinaweza kufutwa bila gharama, na msilipie ndege isiyorudishwa fedha kabla ya pasi kurudi mkononi.

Sasa, kwenye fomu kuna swali: sababu ya safari ni nini. Nikajaza utalii. Nikaandika na barua ya kufafanua, kwa adabu zote, kwamba mimi ni mwanafunzi, nataka kupumzika siku saba ufukweni na wenzangu, kisha nitarudi kuendelea na tasnifu. Nikaweka sahihi. Yote kweli tupu.

Jioni ile mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia kwa mdogo wako una safari."

Kumbe nilikuwa nimemuuliza mdogo wangu kama cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi, naye akaunganisha. Nikababaika. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Ndiyo mama, nakwenda Ugiriki. Kuna mkutano."

"Mkutano wa nini?"

"Wa zege, mama."

Ndugu zanguni, msinicheke. Mtu wa miaka thelathini! Afisa wa viza nisiyemjua hata sura nimempa ukweli kwa maandishi, na mama aliyenizaa nimempa mkutano wa zege.

Ningedhani yameishia hapo. Wiki mbili baadaye mama akaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi ile wana Jumuiya walisalia kwetu, wakaniombea niongee vizuri mbele ya maprofesa. Mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi na marehemu baba, alimwambia kwamba baba angekuwepo angetembea kifua mbele. Watu kumi na moja wakiwa wamekaa sebuleni, chini ya paa linalovuja, wanauombea mkutano usiokuwepo.

Usiku ule sikulala. Nikamkumbuka baba. Alikuwa fundi katika karakana ya reli. Likizo yake ilikuwa siku 28 kwa mwaka, na sikumbuki hata moja aliyopumzika. Kila likizo ilikuwa tofali, au mchanga, au lenta. Ile nyumba yote imejengwa kwa likizo. Katika kazi yangu zege tunalipima nguvu siku ya 28. Kabla ya hapo unalitunza, unalinywesha maji, hulibebeshi mzigo. Baba hakuwahi kutunzwa hata wiki moja. Alistaafu, na kabla mwaka wa pili haujaisha tulikuwa tumemzika.

Asubuhi nikampigia mama nikamwambia yote. Hakuna mkutano. Ni kisiwa, ni bahari, ni muziki mpaka usiku wa manane. Nikamtajia mpaka kiasi cha fedha, maana nilikuwa nimechoka kuficha.

Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo Jumuiya nzima imekuombea ukacheze muziki?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Ukweli umewapa Wagiriki. Mimi umenipa mkutano."

Nilikosa la kusema. Akaendelea, sauti imeshuka: "Baba yako aliniahidi Pangani. Tukalale usiku mmoja tu, tukitazama bahari, tusipike. Kila likizo akasema mwakani. Pangani hapo, mwanangu, hata kilomita sitini hazifiki."

Kisha akaniaga, akakata. Hakusema nenda, hakusema usiende. Kwa siku sita hakupiga, na zangu akazipokea kwa kifupi. Siku ya saba akaniuliza kama huko Ugiriki kuna samaki, na kama najua bado kuogelea au maabara imenisahaulisha. Hapo nikajua tumerudiana. Jumuiya ameshaiambia mwenyewe. Anasema walicheka sana, isipokuwa yule mzee jirani. Yeye alisema tu kwamba baba naye alistahili kwenda mahali.

Nimeyaandika haya kwa sababu nimegundua siko peke yangu. Nilipowasimulia wenzangu jikoni, Mkenya wetu akakiri kwamba kwao anajulikana yuko kwenye mafunzo ya vitendo wiki hiyo. Dada wa Kampala kwao hajasema lolote. Sisi tunaobeba matumaini ya nyumba tumejizoeza kuripoti mambo mawili tu: masomo na kazi. Kupumzika tunakufanya kwa siri, kama wizi. Halafu nyumbani wanabaki na picha ya mtu asiyechoka kamwe, na mtu asiyechoka ni nani atamhurumia? Ada tutume, mabati tutume, hilo halina mjadala. Lakini tuwaambie na haya. Mama yangu aliumia kwa sababu nilimdhania asingeelewa uchovu, yeye aliyeishi na mtu mchovu miaka yote ile.

Mpaka naandika, pasi mbili zimerudi na viza ndani, yangu na ya dada. Ya Mkenya bado. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, na yeye yuko kwenye ya thelathini na ngapi. Kila posta ikigonga mlango anashuka ngazi mbili mbili. Tumekubaliana kwamba chumba hatutakifuta wala ndege hatutazilipia mpaka tujue lake. Akinyimwa tutakaa jikoni tena na kuamua wote wanne.

Kwa mtakaopanga safari kama hii, nyongeza ndogo. Kule visiwani wanakodisha pikipiki za magurudumu manne kama karanga. Soma bima yako kwanza, maana nyingi hazilipi ajali zake. Anayekunywa na asiyekunywa wote wana mahali pao. Mkenya wetu hanywi na ndiye anayejua kucheza kutushinda. Na vaa viatu vya kutembelea, Chora ni ngazi tupu.

Jedwali langu nalo nimeliongezea mstari. Desemba nitakwenda nyumbani. Fundi wa paa aje wiki ya kwanza. Wiki ya pili: Pangani, usiku mbili, mama na rafiki yake wa Jumuiya, chumba kinachotazama bahari. Wasipike.

Nikirudi Ugiriki nitawaletea habari. Tuonane kwenye ugali wa mwisho wa mwezi.