Barua kutoka Coventry: Fulu opsheni ya nini?

Ndugu zangu wa nyumbani,

Wiki hii mpwa wangu amenikera, na kwa kuwa najua mawazo yake ni ya wengi huko, nimeona niandike mnisikie wote. Biashara imemnyookea, Mungu amzidishie, na sasa anaagiza gari jipya la kifahari kutoka huku Uingereza. Kaniomba nikae na muuzaji kwa niaba yake. Nikamtumia orodha ya vitu vya kuchagua, nikamsihi aisome kwa utulivu kabla ya kujibu. Jibu likaja papo hapo: "Mjomba, weka fulu opsheni. Kisibaki kitu."

Kisibaki kitu! Kijana hakusoma hata ukurasa mmoja.

Huku gari jipya la namna hiyo halikusubiri uani likiwa limekamilika, ukalizunguka, ukafungua boneti, mkapatana bei. Mara nyingi linaundwa baada ya wewe kuagiza. Bei inayotangazwa ni ya gari la msingi. Muuzaji anakuwekea kishikwambi mezani, na kila ukurasa ni swali: rangi, rimu, ngozi ya siti, paa la kioo, spika, kamera. Kila jibu lina bei yake, na vitu vingine wameviweka kwenye kifurushi, hivyo ukikitaka kimoja unabeba na wenzake usiowahitaji. Ukiitikia kila kitu, nyongeza peke yake inaweza kufikia bei ya gari dogo jipya.

Meza ya pili walikaa wazee wawili, mume na mke, wakifanya kazi hiyohiyo. Walikwama kwenye kilesi, ule mfumo ambao ufunguo unabaki mfukoni, unashika kitasa tu na mlango unafunguka, unabonyeza kitufe na injini inawaka. Mzee hakuutaka. Bibi akanyoosha mkono, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akamwambia kubonyeza rimoti kunamuumiza, hasa asubuhi. Wakauweka. Walipofika kwenye paa la kioo wakaliruka, na rimu kubwa wakaziruka. Fedha walikuwa nazo, ila kila kitu walikipitisha kwenye swali moja: nitakitumia? Sisi swali letu ni jingine: kipo? Tukiambiwa hakipo, tunajiona tumepunjwa.

Sasa kuhusu hicho kilesi, ambacho mpwa wangu anakitaka kuliko vyote. Ukishika kitasa, gari linatoa mawimbi dhaifu yanayofika mita moja au mbili. Ufunguo ukiyapata, unaamka na kujibu. Gari likipata jibu linaamini kwamba mwenyewe amesimama hapo mlangoni. Wezi wanaitumia imani hiyo. Mmoja anasimama na antena karibu na mlango wa nyumba, mwenzake anakaa na kifaa kando ya gari, na mawimbi yanapokezwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ufunguo uko kwenye meza ya sebuleni, gari linadhani uko kwenye kitasa.

Jirani yangu alinionyesha picha za kamera ya mlangoni kwake. Vijana wawili wamevaa kofia za jaketi. Mmoja anainua mzunguko mpana wa waya na kuupitisha taratibu mbele ya mlango, chini, katikati, juu. Mwenzake yuko kwenye gari. Mara taa zinapepesa, vioo vya pembeni vinakunjuka, mlango unafunguka. Hakuna kioo kilichovunjwa wala king'ora kilicholia. Gari likarudi nyuma kwa adabu kama linaloendeshwa na mwenyewe, likaondoka. Na injini ikishawaka haizimiki hata ufunguo ukibaki nyuma. Imetengenezwa hivyo kwa usalama, gari lisije likazimikia katikati ya barabara kuu.

Tatizo hili halikuanza jana, wala si la gari la aina moja. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, kimekuwa kikiyajaribu magari yenye kilesi kwa miaka, mamia ya modeli, na yaliyo mengi mno yalifunguka. Hapa Coventry ndipo yalipo makao makuu ya Jaguar Land Rover, na mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza zaidi ya pauni milioni 10 za kuyaongezea ulinzi magari iliyokwisha kuyauza. Ndiyo maana mitaani huku mtaona gari la bei ya nyumba limefungwa chuma cha njano kwenye usukani. Mwenye gari akiingia ndani anatumbukiza ufunguo kwenye kimfuko maalumu kinachozuia mawimbi, na ule wa akiba pia.

Nanyi ndugu zangu wa Dar, mnaochonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, kwenye madirisha hadi kwenye taa ili wezi wasivitamani, mlango unaojifungua mnautakia nini bila kuuliza unajilinda vipi?

Basi anayeagiza asikie. Ukikitaka kilesi, muulize muuzaji kama kinatumia UWB, teknolojia inayopima muda wa mawimbi kusafiri ili gari lijue ufunguo uko umbali gani hasa. Kupokeza mawimbi hapo ni kazi ngumu zaidi. Uliza kama ufunguo unalala ukitulia mahali bila kuguswa, na kama mfumo unaweza kuzimwa kwenye menyu. Ukabidhiwe funguo mbili, uzihesabu mwenyewe. Uliza betri ya ufunguo ikiisha unafanyaje: ndani ya rimoti nyingi umefichwa ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, na kuna mahali maalumu pa kuiweka rimoti ili gari liwake. Mnajifunza haya siku mmekwama Chalinze usiku na simu imebaki na chaji kidogo. Siti za joto na usukani wa joto, mwachieni mtu wa Coventry mwezi wa Januari. Rimu za inchi 22 na tairi zake nyembamba, mashimo ya mtaani kwenu mnayajua nyinyi. Programu ya simu ya kulifungua gari ukiwa mbali, uliza kwanza kama huduma hiyo inatolewa Tanzania. Na tairi la spea! Magari mengi mapya huku yanakuja na dawa ya kuziba pancha na kipampu kidogo, tairi la spea ni la kuombwa na kulipiwa. Katika orodha nzima aliyotumiwa mpwa wangu, hicho ndicho kitu kitakachomfaa kweli njia ya Dodoma.

Na wewe unayesubiri gari lililotumika, chaguo la mwenye gari wa kwanza ndilo utakaloishi nalo, hivyo maswali ni yaleyale, ukiongeza moja zito: gari hili si la wizi? Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa Uingereza ilifuatiliwa kwa kifaa chake cha kufuatilia, ikapita Mombasa hadi Kampala, na huko yakakutwa magari mengine ya kifahari yaliyoibwa huku. Magari hayo hayasafirishwi kwenda kusikokuwa na mnunuzi. Nawaambia kwa uchungu, kwa sababu mtu wa kwetu akipewa Range Rover kwa nusu ya bei hushukuru Mungu kwanza, kuuliza baadaye au asiulize kabisa. Gari likitoka huku, kabla hujatuma hata shilingi, omba namba ya chesisi na mpe mtu wako wa Uingereza ailipie ukaguzi wa kumbukumbu zake: limeibwa, lina deni, limewahi kugongwa. Ada yake ni ndogo. Muuzaji akikupa namba kwa kusitasita, au akakwambia ufunguo wa pili utafuata, mwache na gari lake.