Mchezo wa Kina Mama na Mchezo wa Kamari



Mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka Nairobi, rafiki wa kijana wetu. Baada ya Isha, tukiwa barazani hapa Likoni, alituuliza kwa adabu: kesho yake angevuka feri kwenda mjini, je, kasino ipi ni nzuri kwa mtu anayecheza mara moja tu, kwa kujifurahisha?

Hatukumkaripia, mgeni ni mgeni. Tuliagiza kalamu na karatasi, tukamfanyia hesabu. Gurudumu la kasino lina namba 1 hadi 36, na sifuri moja: jumla nafasi 37. Aliyeotea namba sawasawa hulipwa mara 35 ya dau lake, na dau akarudishiwa. Basi weka shilingi 100 juu ya kila nafasi: umetoa 3,700. Moja lazima itoke, nawe utapokea 3,600. Shilingi 100 imebaki kwa mwenye nyumba, naye hakuiba wala hakudanganya. Yako pia magurudumu yenye sifuri mbili. Hayo hubakisha 200 katika kila 3,800. Kwa hiyo, nyumba nzuri na nyumba mbaya hutofautiana kwa kasi ya kukufilisi tu. Anayeshinda leo hupewa fedha za wenziwe walioshindwa, na akirudi kesho, hesabu ile ile humngoja.

Mgeni akacheka, akasema afadhali aende zake Fort Jesus. Kijana wetu hakucheka. Mgeni alipolala, alitujia jikoni, akasema, “Mama, nisamehe.”

Kina mama mnaujua mchezo wetu. Tu kumi na wawili. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 500, na shilingi 6,000 zikamfikia mwenye zamu. Wiki ile tulimtumia kijana fedha zote katika simu yake, azipeleke. Yeye akaziingiza katika mchezo wa ndege, ile ipaayo ikizidisha fedha, kisha ghafla ikatoweka na dau la asiyetoka mapema. Alikusudia kupata mia chache za nauli. Kufika alfajiri hakikubaki kitu, naye siku tatu akatwambia kwamba mtandao unasumbua. Mwenye zamu alikuwa akizingojea kwa karo ya binti yake.

Asubuhi tuliuza bangili, tukaenda naye. Alisema mwenyewe alilofanya. Yule dada alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Fedha nimepokea, na nimemsamehe. Lakini zamu ijayo msimtume yeye.”

Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, Mola wetu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akatubainishia kwamba shetani hukusudia kututia uadui na chuki, na kutuzuia kumkumbuka Allah na kuswali. Tumeisoma miaka yote. Siku ile tuliiona uani kwa jirani.

Sheria ya nchi humkataza kamari aliye chini ya miaka 18. Wetu ana miaka 20, sheria haimzuii. Imebaki dini, na imebaki nyumba. Basi haya ndiyo tuliyojifunza. Kasino haiko ng'ambo ya feri peke yake. Imo mfukoni mwa mtoto, na huamka tunapolala. Fedha za amana zisipitie simu ya mwengine, hata awe mwana. Kijana akikiri, alipwe kwanza aliyedhulumiwa, lawama zifuate. Na anayekiri asifedheheshwe, asije akajificha tena. Asikopeshwe fedha za kurudisha alizopoteza, kwani huko ndiko shimo linakozidi kuchimbwa. Na afanyiwe hesabu ile ya karatasi, kwani wengi wao hudhani wamekosa bahati tu.

Mchezo wetu kina mama hauna sifuri: kila mmoja hupata alichotoa, zamu yake ikifika. Kijana wetu sasa anabeba mizigo karibu na feri, na kila Alhamisi hutuletea kidogo cha kuirudisha bangili. Hatujamrudishia amana ya wenzetu. Siku itafika, inshallah.

Allah atuhifadhie vijana wetu na riziki zetu. Amin.